Mzee akizimia jukwaani, si mahaba ya timu

Kila Dabi ya Kariakoo ina picha yake. Sio ya bao, wala ya kocha anayemfokea mwamuzi wa akiba. Ni ile ya shabiki aliyelala kwenye machela ya Msalaba Mwekundu, jezi imepandishwa mpaka kifuani, mkono mmoja unaning'inia. Chini yake maneno machache tu: azimia baada ya bao la pili. Kesho yake picha inazunguka kwenye simu. Watani wanacheka. Wa upande wake nao wanacheka, ila kwa fahari kidogo. Eti huyu ndo shabiki wa kweli, timu iko kwenye damu.

Nina neno na hiyo damu.

Kijana wa miaka 20 aliyekaa juani tangu asubuhi bila maji anaweza kuzimia, akalazwa chini, miguu ikainuliwa, akazinduka, akapewa maji, akarudi kuangalia dakika 10 za mwisho. Hutokea, na mara nyingi yanaishia hapo. Lakini mzee wa miaka 58 mwenye kisukari cha miaka 12, na moyo ambao daktari ameshaulalamikia, akianguka kwenye jukwaa lile lile, hajazimia kwa ajili ya bao. Bao limemkuta tu. Kilichomwangusha alikuja nacho kutoka nyumbani, na wakati mwingine kinampa dakika chache sana kabla ya kummaliza.

Sikatai kwamba mpira una mkono wake. Wajerumani walihesabu. Wakati wa Kombe la Dunia 2006, madaktari wa Munich walifuatilia dharura za moyo katika mji huo na maeneo ya jirani. Siku ambazo Ujerumani inacheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Kwa wanaume zilipita mara 3. Wengi waliugua ndani ya saa mbili za kwanza tangu mpira uanze. Waingereza nao wana hesabu yao ya Juni 30, 1998, siku David Beckham alipolambwa nyekundu na England ikatolewa na Argentina kwa penalti. Siku ile na mbili zilizofuata, waliolazwa hospitali kwa shambulio la moyo waliongezeka kwa asilimia 25.

Ila angalia huo mkono uliwashika nani. Kule Munich, waliokuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo ndio walioumia zaidi, mara 4 ya kawaida yao. Yaani mechi iligonga mlango ambao komeo lake lilikuwa limeshalegea.

Na hili halichagui shabiki wa mzunguko au mtu wa benchi. Jock Stein, kocha aliyeipa Celtic Kombe la Ulaya 1967, mtu aliyezoea presha ya fainali kuliko karibu yeyote wa zama zake, alianguka pembeni ya uwanja mjini Cardiff Septemba 10, 1985. Scotland ilikuwa imeshapata sare ya 1-1 na Wales iliyokuwa inaitafuta. Akafia pale pale uwanjani, kwenye chumba cha matibabu. Alikuwa na miaka 62.

Turudi kwetu. Tuanze na sukari, maana ndiyo inayodanganya zaidi.

Mechi ni saa 11 jioni. Mzee wa tawi ameamka alfajiri. Amemeza kidonge chake cha glibenklamaidi, au amejidunga insulini, kama alivyoelekezwa kliniki. Alitakiwa ale vizuri baada ya hapo. Lakini basi la tawi linaondoka saa 3 na katibu hasubiri mtu. Chai ya rangi, nusu chapati, safari. Saa 5 yuko getini, saa 6 yuko kwenye kiti. Hatoki tena hapo, kwa sababu akienda kutafuta wali atakuta kiti kina mwenyewe mpya. Mchana wote anaishi kwa karanga na hadithi za Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF 1993. Anaimba, anacheza ngoma ya matarumbeta, na misuli inayocheza nayo inakula sukari.

Dawa haijui kama leo kuna dabi. Inaendelea kushusha sukari, mtu awe amekula au hajala. Ikifika saa 10 jioni inaweza kuwa imeshuka mahali ambapo ubongo unaanza kukosa chakula chake.

Dalili za sukari kushuka zinafundishwa kila kliniki: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa, kisha hasira isiyo na sababu, kuongea hovyo, kuyumba kama mlevi, na mwisho kupoteza fahamu. Sasa niambie, dakika ya 88 mnaongoza 1-0 na wenzenu wana kona, nani jukwaani hatokwi jasho? Nani hatetemeki? Nani haongei hovyo? Uwanja mzima una dalili za sukari kushuka. Mgonjwa mwenyewe anajificha katikati ya umati wa wazima, na anapoanza kumtukana jirani yake wa timu moja, watu wanasema mzee kapata viwili vitatu.

Kwa mwenye kisukari na moyo kwa pamoja mambo ni magumu zaidi. Wengi wao wanatumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, za aina ya atenololi. Ni dawa nzuri, zinaokoa watu, asiziache mtu kwa sababu ya makala ya michezo. Lakini zinaweza kuficha kutetemeka na mapigo ya mbio, ile kengele ambayo mwili hupiga sukari inaposhuka. Jasho ndilo linalobaki. Kwa hiyo mzee anayetokwa na jasho la baridi, ametulia kimya wakati wenzake wote wamesimama, huyo ndiye wa kumwangalia.

Kuanguka kwa aina ya pili ni kwa presha. Si ya kupanda, ya kushuka.

Unaposimama kutoka kwenye kiti, damu inavutwa kwenda miguuni. Mishipa ya fahamu inatoa amri, mishipa ya damu inabana, damu inabaki kichwani, wala hujui kama kuna kazi imefanyika. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa hiyo ya fahamu. Amri inachelewa. Juu yake weka dawa za presha ambazo nazo zinalegeza mishipa, weka jua la Temeke, weka mtu ambaye hajanywa maji tangu asubuhi. Dakika ya 70 bao linaingia. Watu elfu 60 wanaruka. Naye anaruka, baada ya kukaa zaidi ya saa nzima. Anakwenda chini kama gunia. Waliomzunguka wanasema furaha imemzidi.

Na kwa nini hajanywa maji? Kwa sababu ya choo. Hili hatulisemi kwenye uchambuzi, lakini kila anayekwenda uwanjani analijua. Foleni ya choo wakati wa mapumziko inaweza kukugharimu robo saa ya kipindi cha pili. Kwa hiyo watu hawanywi. Mgonjwa wa moyo anafanya baya zaidi: kile kidonge cha kupunguza maji mwilini, kinachompeleka chooni kila baada ya muda mfupi, anakiruka siku ya mechi. Maji yanaanza kujaa miguuni na kwenye mapafu, na moyo uliochoka unaongezewa mzigo siku ambayo tayari ina mzigo wake. Anayetaka kubadilisha saa ya kidonge kwa ajili ya mechi amuulize daktari wake kabla ya siku yenyewe. Ni swali halali kabisa, na madaktari wenyewe wana timu zao.

Aina ya tatu ndiyo mbaya. Moyo wenye kovu la shambulio la zamani, au uliotanuka kwa presha ya miaka mingi, unaweza kupoteza mdundo ghafla. Damu haifiki kichwani. Sekunde chache, mtu yuko chini, bila kuaga, bila kusema anasikia kizunguzungu. Mara nyingine mdundo unarudi wenyewe. Mtu anaamka, anajifuta vumbi, anauliza matokeo. Watu wanapiga makofi, mzee kafufuka! Huyu ndiye anayenitisha kuliko aliyebebwa. Amepewa onyo la kadi ya njano na hakuna aliyeiona, hata yeye mwenyewe. Na sukari ikishuka sana inaweza nayo kuvuruga mdundo huo huo, kwa hiyo wakati mwingine haya matatu hayaji kwa foleni.

Kuna kisa cha Gary Mabbutt ambacho wengi walikicheka. Mabbutt alikuwa nahodha wa Tottenham iliyobeba Kombe la FA 1991, aliichezea England mara 16, na alikuwa na kisukari tangu miaka 17. Miaka mingi baada ya kustaafu alikwenda Afrika Kusini, mbuga ya Kruger. Usiku akiwa amelala, panya akamtafuna mguu. Hakusikia kitu. Kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za miguu yake.

Sasa hamisha kisa hicho kutoka mguuni kwenda kifuani. Mishipa ya fahamu inayobeba maumivu ya moyo nayo inaweza kufa ganzi kwa namna hiyo. Ndiyo maana mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua, au kwa maumivu madogo anayoyaita gesi. Kinachoonekana ni pumzi kukata, jasho la ghafla, kichefuchefu, uchovu usioelezeka. Au kuzimia. Anayesubiri mzee ashike kifua kwa mikono miwili kama kwenye filamu za Kinaijeria, atasubiri sana.

Halafu tukifika kwenye huduma ya kwanza, hapo ndo utatuhurumia. Mtu akianguka, watu 30 wanamzunguka na kumzibia hewa. Mmoja anamwagia maji. Mwingine anamkandamiza kijiko kati ya meno. Wa tatu, aliyewahi kusikia habari za kisukari, anammiminia soda mdomoni mtu asiye na fahamu. Soda inakwenda kwenye mapafu.

Soda ni ya aliye macho na anayeweza kumeza. Huyo mpe, tena ya kawaida, si ile isiyo na sukari, nusu chupa hivi, au juisi, au maji yenye sukari. Subiri dakika 15. Hajakaa sawa, mpe tena. Akitulia, ale chakula. Na kama hujui sukari yake imepanda au imeshuka, mpe tu. Nusu chupa haitamfanya aliyepanda awe mbaya kiasi cha kutisha, lakini aliyeshuka akinyimwa anaweza asirudi. Asiye na fahamu usimtie kitu chochote mdomoni. Kama anapumua vizuri, mlaze ubavu na uwaite watu wa huduma.

Kama haitikii na hapumui, au anakoroma na kutweta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini, huyo moyo umesimama. Kule kutweta si kupumua. Weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, kifua kizame kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka mashine ya kushtua moyo ifike. Kila dakika inayopita bila kubonyezwa na bila mashine, nafasi ya kupona inashuka kwa karibu asilimia 10. Hesabu mwenyewe kutoka jukwaa la juu mpaka kwenye gari la wagonjwa.

Oktoba 17, 2021, Newcastle walikuwa wanacheza na Tottenham. Sergio Reguilón, beki wa kushoto, aliona vurugu jukwaani akaelewa kuwa si ya ngumi. Akamwita mwamuzi. Eric Dier akakimbilia benchi kuwaambia watu wa tiba wapeleke mashine. Daktari wa hospitali aliyekuwa amekwenda kama shabiki tu alishafika kwa mgonjwa na kuanza kazi. Mechi ikasimama. Shabiki akapona. Mwaka uliofuata, Cádiz na Barcelona, Septemba 10, 2022, mechi ilisimama kwa sababu hiyo hiyo, na kipa wa Cádiz, Jeremías Ledesma, akakatiza uwanja mbio na vifaa vya tiba mikononi kuvipeleka jukwaani. Timu yake ilikuwa imeshachapwa, lakini ile mbio naikumbuka kuliko mabao ya Barcelona.

Tunamjua sana Christian Eriksen, aliyeanguka dakika ya 43 Denmark ikicheza na Finland, Juni 12, 2021, akarudishwa na mashine ile ile. Hapa nyumbani tunamkumbuka Ismail Mrisho Khalfan, kijana wa Mbao FC ya U-20, aliyefunga bao dhidi ya Mwadui pale Kaitaba, Bukoba, Desemba 2016, akaanguka na kufariki. Kila inapotokea hivyo tunazungumza wiki nzima kuhusu vipimo vya wachezaji. Sawa. Lakini uwanjani wachezaji ni 22, wengi wana miaka chini ya 30 na daktari wa timu yuko mita chache. Wenye sukari, presha na moyo wako jukwaani, na juu ya hao hatuna hata wiki moja ya mazungumzo.

Kwa hiyo naziuliza klabu na wenye viwanja maswali ya kawaida. Siku ya dabi mashine ya kushtua moyo iko wapi? Nani ana ufunguo wa chumba chake? Mtu akianguka mzunguko wa juu, mashine inamfikia kwa dakika ngapi? Wale vijana wenye vizibao vya njano wanaozuia watu wasiruke uzio, wangapi wamefundishwa kubonyeza kifua? Mafunzo hayo ni ya siku moja. Tunawalipa mabalozi wa hamasa wapige vuvuzela kwa dakika 90, hatushindwi hili.

Na uwanja una afadhali. Kwenye banda umiza, watu 80 wamekaa kwenye mabenchi ya mbao chini ya bati, feni moja, mlango mmoja, na mlango wenyewe umezibwa na pikipiki. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya inaisha saa 6 usiku. Mzee akianguka benchi la mbele, kumtoa tu ni kazi ya dakika tano. Mwenye banda aache njia katikati ya mabenchi. Pikipiki zikae pembeni.

Simwambii mzee abaki nyumbani. Nyumbani nako kuna redio, na redio ya Kiswahili dakika za nyongeza inaweza kuua kuliko uwanja. Wala kisukari si kadi nyekundu. Nacho Fernández aligundulika nacho akiwa na miaka 12 na daktari wa kwanza akamwambia mpira umekwisha. Juni 1, 2024 alinyanyua Kombe la Ulaya pale Wembley akiwa nahodha wa Real Madrid, la sita kwake. Tofauti yake na mzee wetu ni kwamba Nacho hakuwahi kuingia uwanjani huku benchi lake halijui anaumwa nini.

Mzee wetu anaficha. Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Kwenye tawi, kusema una sukari ni kama kusema umezeeka, utaanza kuitwa babu na kunyang'anywa ngoma. Anakaa mwaka mzima na watu wanaomjua kwa jina la utani na namba ya jezi, hawajui kama kwenye mfuko wake kuna vidonge vya aina nne. Siku akianguka wanabaki kubishana kama ni pepo au ni presha. Na akizinduka anakataa hospitali kwa sababu penalti hazijapigwa! Mwenye kisukari au moyo akizimia anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ameamka anacheka, hata kama timu yake inaongoza. Mgombesheni, mbebeni.

Makatibu wa matawi mna madaftari. Mnajua nani hajalipa ada tangu Machi, nani anadaiwa nauli ya safari ya Mwanza. Ongezeni safu moja: nani ana sukari, nani ana moyo, anatumia dawa gani, namba ya simu ya nyumbani kwake. Muulizeni pembeni, si mbele za watu. Siku ya safari basi lisimame mahali watu wale chakula cha maana kabla ya geti. Na pale mbele kwa dereva zikae soda nne za kawaida ambazo haziguswi na mtu mwingine yeyote mpaka mechi iishe. Zikirudi hazijafunguliwa, wapeni watoto wa mtaani kwenu.